Gísli Örn Garðarsson: sarakasi jukwaani ni mbwembwe tu au ndo kazi yenyewe?

Huyu muongozaji wa Iceland ukimtaja kwa wapenzi wa tamthilia lazima wagawanyike, kuna wanaosema jamaa ni mbwembwe, anawaning'iniza watu kwenye kamba ili usigundue kwamba maneno ya mwandishi kayakata, na kuna wanaosema ndo kawarudishia uhai waandishi waliokufa zamani. Mi niko na hawa wa pili, ila siyo kwa kila kazi yake.

Kwanza mjue katokea wapi. Kabla ya kuigiza alicheza jimnastiki miaka mingi, halafu 2001 yeye na wenzie wakaanzisha kikundi cha Vesturport pale Reykjavík. Mwaka uliofuata wakaigiza Romeo and Juliet, Romeo yeye mwenyewe, Juliet ni mkewe Nína Dögg Filippusdóttir, wako juu kwenye bembea za sarakasi. 2003 wakaipeleka ukumbi wa tamthilia wa Young Vic, London, kwa Kiingereza chenye lafudhi ya kwao. Nchi yenyewe watu hawafiki laki nne, alafu unamfuata Mwingereza kwake kumchezea Shakespeare wake, jamani ule ni ujasiri!

Lakini hapo hapo ndo wanaomlaumu wana hoja. Shakespeare utamu wake uko kwenye maneno, mstari mmoja umebeba mapenzi na kifo kwa pamoja, sasa mtu akiwa anapumua juu juu huku kashika kamba ule mstari unapita hivi hivi na watazamaji wanabaki wanawaza asije akaanguka. Hilo siwezi kulipinga.

Ila njoo kwenye Metamorphosis ya 2006 kule ukumbi wa Lyric Hammersmith, London, aliyoiongoza na Mwingereza David Farr, muziki wa Nick Cave na Warren Ellis. Hadithi yenyewe ni ya mwandishi Kafka, inajulikana, Gregor anaamka asubuhi amekuwa mdudu. Hawakumvalisha mabawa wala miguu sita, kavaa nguo zake za kawaida tu. Chini kuna sebule ya familia, kawaida kabisa, juu kuna chumba chake kimegeuzwa ubavu, kitanda kimesimama ukutani kama vile unakichungulia kutokea darini, na Gísli mwenyewe anatambaa humo kwenye kuta. Yaani familia na yeye hawasimami tena kwenye sakafu moja! Hapo sarakasi siyo pambo, ukiitoa hadithi yote inaanguka, na mi kipimo changu ni hicho, mwili unasema kitu ambacho mdomo haukiwezi au unajionyesha tu?

Sasa wanaosema bila kamba hana kitu waangalie Verbúðin, tamthilia ya televisheni iliyoanza kurushwa RÚV, shirika la utangazaji la taifa la Iceland, mwishoni mwa 2021. Humo hakuna anayeruka popote. Ni kijiji cha wavuvi kule Westfjords, kaskazini magharibi mwa Iceland, miaka ya 80, Harpa na mumewe na marafiki zao wanajenga biashara ya samaki wakati serikali inaleta mgawo, kila chombo kinapewa haki ya kiasi fulani cha samaki, na sheria ya 1990 ikaruhusu hizo haki kuuzwa na kununuliwa kwa uhuru, kwahiyo mwenye chombo anaweza kuuza mgawo akaondoka na hela na kijiji kizima kikabaki na kiwanda kisicho na samaki wa kuchakata. Ni jambo zito la kisiasa, mpaka leo Iceland wanagombana juu yake, na hapa limeelezwa kupitia urafiki unaooza taratibu mezani na kwenye sherehe.

Wapo watakaosema Verbúðin siyo yake peke yake, na ni kweli, ameiongoza pamoja na Björn Hlynur Haraldsson na María Reyndal. Ila kwangu hilo halimpunguzii kitu, tangu mwanzo kafanya kazi na watu wale wale, Björn Hlynur ni wa Vesturport, Nína Dögg ndo Harpa. Anayetaka kumpima huyu bwana kama fundi wa peke yake atakosea kotekote, kwenye sifa na kwenye lawama, na zile lawama za Romeo ni za kikundi kizima pia.