Mvua ya Manchester haina adabu

Kila Jumapili mjomba akinipigia toka Temeke swali ni lile lile, hata shikamoo hajaitikia vizuri, "vipi huko, mvua?" Kichwani kwake mimi naishi chini ya bomba, miaka tisa nimesimama tu naloa. Juzi nikamwambia mjomba, mbona Dar inanyesha kuliko London, akacheka mpaka akapaliwa. Lakini ndio ukweli jamani, London kwa mwaka mzima inapata kama milimita 600, Dar inavuka 1,000, na hata hapa Manchester tuliposingiziwa umalkia wa mvua Dar hatuifikii.

Mimi ninachoilaumu ni tabia yake. Mvua ya masika ikija unaijua, kule baharini kumejifunga kweusi, upepo, mama anapiga kelele nguo nguo anueni nguo, inashuka kwa hasira, barabara ya Jangwani haipitiki, kesho yake jua linawaka watu wanaendelea na mambo yao. Hii ya huku inarashia kama mtu anayepiga pasi, hulowi ukasema nimelowa na wala hukauki, inaanza Jumanne asubuhi mpaka Alhamisi bado inajishauri inyeshe au iache. Wanasema upepo unaileta toka Atlantiki, ikigonga vilima vya Pennines inatumwagikia sisi. Sawa, nimeelewa, sasa kwa nini inasubiri nianike?

Maana nguo ndio zimenimaliza. Jumamosi jua limetoka, jua la kweli kabisa, simu inasema uwezekano wa mvua asilimia 20, nikabeba beseni nikaanika mashuka mawili na suruali ya kazini. Narudi ndani, maji ya chai hata hayajachemka, tone hilo kwenye kioo. Nikatoka mbio na kandambili nikaanua, nafunga mlango tu imekatika. Nikaanika tena. Mara tatu! Hiyo ya tatu bibi jirani, mzungu mmoja mpole sana, ananichungulia juu ya uzio ananiambia angalau bustani imepata maji. Bustani gani bibi, mimi nina ndoo moja ya mchicha uliogoma kuota. Suruali imekaukia juu ya hita ya ukutani na Jumatatu kwenye basi nanuka dekio.

Mwavuli ndio usiniambie kabisa, mvua ya huku inakuja kwa ubavu na upepo, nimenunua minne, yote imegeuka bakuli pale pale kituo cha basi.

Halafu siku wakiamua kuleta joto! Tarehe 19 Julai 2022 kamji kamoja ka Lincolnshire kanaitwa Coningsby kalifika nyuzi 40.3, rekodi ya nchi nzima, na nyumba zenyewe zimejengwa zitunze joto lisitoke, feni madukani zimeisha, mimi mtoto wa Temeke nikalala kwenye sakafu ya jikoni mlango wa friji wazi. Nikampigia mama, mama nakufa na joto. Akakata. Kumbe akajua simu imeibiwa, ni matapeli hao wanataka hela.

Ila kibaya zaidi nimeshaambukizwa. Huku hakuna habari za nyumbani, watoto hawajambo, kumekuchaje, salamu yao ni hali ya hewa. Unaingia kwenye lifti na mtu humjui, anaangalia juu, anasema kunakaa kama kutakuwa kuzuri baadaye, na wewe unatakiwa ukubali, hata kama nje kumeziba kama ndani ya sufuria ya ugali. Ukikaa kimya unaonekana huna malezi.

Mwaka jana nimeenda likizo Dar, mwezi wa nne, masika imekolea. Nikapanda daladala ya Mbagala, maji nje yamefika kwenye rimu, konda ananing'inia mlangoni ameloa chapachapa. Nikamwangalia nikatabasamu, nikamwambia, "Leo angalau kuna kaupepo."

Akanitazama toka viatu mpaka kichwani.

"Bro, nauli."