Jina la Kati: Hakuna

Leo nimeamka na heshima zangu zote, nikavaa miwani, nikaketi kujaza fomu mtandaoni kama mtu mzima. Baada ya saa moja nilikuwa nimeshaitwa batili mara nne. Kosa langu? Sina jina la kati. Basi!

Nilianza kwa kuacha kisanduku wazi. Kikawaka chekundu: "Cannot be blank." Sawa, nikaandika "nil", neno nililolizoea kwenye matokeo ya mpira. "Invalid." Nikaandika "none". "Invalid." Nikaweka "N/A". Alama ya mkwaju (/) hairuhusiwi, invalid. Nikatia 0. Jina haliwi tarakimu, invalid. Jamani, mimi na mashine tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna kitu. Ugomvi ulikuwa ni hakuna ya aina gani.

Nikampigia mpwa wangu anayeandika programu.

"Mjomba, hapo inahitajika null."

"Si ndiyo sifuri?"

"Hapana. Sifuri ni umehesabu ukakuta hamna. Null ni hakuna hata cha kuhesabu."

"Na nikiacha wazi?"

"Hiyo ni matini tupu. Mfuko upo, ila hauna kitu."

"Kumbe ukata una madaraja!"

"Bado, mjomba. Lugha ya programu ya JavaScript ina undefined pia, yaani kitu ambacho bado hakijapewa thamani. Halafu kuna NaN, maana yake 'si namba', ila inahesabiwa kuwa aina ya namba, na ukiilinganisha na yenyewe inakataa kuwa sawa."

Nikauliza nani kaleta balaa hili. Kumbe anajulikana! Mwingereza Tony Hoare aliiingiza null kwenye lugha ya programu ya ALGOL W mwaka 1965, kwa sababu tu ilikuwa rahisi kuitekeleza. Mwaka 2009 akasimama mbele ya watu akaliita kosa lake la dola bilioni. Radhi yake nimeisikia, lakini kisanduku changu bado chekundu.

Mwishowe nikaandika "Hakuna", kwa hasira. Ikapokelewa! Sasa ninalo jina la kati.

Lakini nilishachokozwa. Hilo "invalid" lenyewe, ukilitamka kwa mkazo mwanzoni badala ya katikati, ni mgonjwa asiyejiweza, na saa ile nilikuwa vyote viwili. Wanasheria nao neno moja haliwatoshi: lazima mkataba uwe "null and void", kama nyoka anayepigwa tena baada ya kufa. Halafu wana "voidable", yaani haujawa batili, unasubiri mtu aukatae. "Empty" ndilo lililonimaliza. Kiingereza cha kale lilimaanisha mtu mwenye nafasi, asiye na shughuli, na halikuwa na p. Wameichomeka baadaye! Neno la utupu, nalo wakaona wajazie. Na "zero" wanayotunyanyasia shuleni ni sifr ya Waarabu, hii hii sifuri yetu, imezungukia Italia ikarudi imevaa suti.

Tenisi sitaki hata kuigusa. Mtu hana pointi hata moja, mwamuzi anatangaza "love". Nikacheka peke yangu, mama watoto akachungulia mlangoni.

"Unacheka nini?"

"Si kitu."

"Si kitu gani?"

Hata yeye!