Nyumba Ina Maji, Umeme na Mbwa

Leo asubuhi, saa kumi na mbili kasorobo, nimesimama kwa mara ya nne ndani ya wiki mbili mbele ya geti la nyumba ambayo silipi tena kodi yake, nikiwa nimevaa suruali ya kazini na kandambili, nikimbembeleza mbwa wangu mwenyewe atoke katika uwanja wa mtu mwingine. Alinitazama, akanusa hewa kidogo kama karani anayekagua fomu isiyo na muhuri, kisha akanibwekea. Alinibwekea mimi, niliyemlea tangu alipokuwa akitosha ndani ya kofia, niliyemnunulia vichwa vya migebuka siku ambazo mezani kwangu palikuwa na mlenda mtupu.

Habari za kuhama kwenyewe sina haja ya kuzieleza. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima badala ya miezi sita, na yeyote aliyewahi kupanga anajua kilichofuata. Tulijaza maguta mawili, na mwenye guta la pili akadai kwamba mbwa analipiwa zaidi ya kabati kwa kuwa kabati haling'ati. Nililipa.

Tulipofika Ipuli, hapa hapa mjini Tabora, kila mtu aliizoea nyumba mpya kabla jua halijazama. Watoto walikwisha kupata timu ya mpira. Kuku walitolewa kwenye tenga wakaanza kuchakura kana kwamba babu zao walizikwa pale. Hata paka, ambaye nilikuwa nikiamini kwamba ndiye mpenda nyumba ilhali mbwa ni mpenda mtu, alipanda juu ya gunia la mchele, akalala. Jasiri peke yake ndiye aliyejikunyata nyuma ya choo, masikio yamelala, akitetemeka kila mpangaji wa chumba cha pili alipokohoa. Jina lake, naomba nirudie, ni Jasiri.

Nilikwenda kumwona bwana mifugo, naye alinisikiliza kwa upole ambao sijawahi kuupata katika ofisi yoyote nikieleza shida zangu mimi mwenyewe. Alisema mbwa huijua dunia kwa pua, na kwamba nyumba ambayo haina harufu yake ni sawa na nchi ya ugenini. Akaniuliza analalia nini. Nikasema gunia. Akauliza kama gunia lile limekuja naye bila kufuliwa. Hapo nikanyamaza, kwa sababu Mama Neema, kwa usafi wake wote, alikuwa amelifua siku ya kuhama kwa sabuni ya unga, akalianika, akalikunja kama kanga ya harusi. Bwana mifugo alitikisa kichwa. Aliniagiza nimfunge kamba kwa wiki za mwanzo, nimzungushe kando ya uzio asubuhi na jioni ili anuse na aweke alama zake, nimlishe kwa saa zile zile alizozoea, wala nisimchape nikimkuta ametoroka, maana atajifunza kwamba kumkaribia bwana wake ni kutafuta fimbo. Akaongeza kwamba kwa kawaida siku tatu za kwanza ni za hofu, wiki tatu ni za kujifunza utaratibu, na baada ya miezi mitatu ndipo mbwa hujiona mwenyeji. Nilitaka kumuuliza mpangaji naye hupewa miezi mingapi, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Saa za kula ndizo zilizonidhalilisha. Kule tulikohama, Jasiri alikuwa akila baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na kumbe yeye hakuwa akifuata saa, alikuwa akifuata mtangazaji. Usiku wa tatu umeme ulikatika na redio haikuwa na betri. Ugali ukapoa, dagaa wakapoa, mbwa ameketi mbele ya sahani akisubiri. Mwishowe nilisimama uani na tochi ya simu, nikasoma vichwa vya habari vya gazeti la wiki iliyopita kwa sauti nzito, kuanzia siasa hadi michezo. Alikula. Tangu hapo watoto wa jirani wananiita Mheshimiwa Mtangazaji, na sijapata ujasiri wa kuuliza ni nani aliyewafundisha.

Jirani wa upande wa kulia, mzee wa heshima zake, aliniomba tu kwamba mbwa asilifikie birika lake la udhu, ombi ambalo nililikubali papo hapo. Wa kushoto hakuomba chochote. Yeye alinionyesha rungu.

Sasa turudi kwenye geti. Kijana aliyepanga pale baada yangu alitoka na mswaki mdomoni, akaniamkia vizuri kabisa, nami nikamwitikia, maana ugomvi usio na salamu ni wa watu wasio na malezi.

"Kijana wangu," nikamwambia, "nimekuja kumchukua mbwa."

"Mbwa yupi, mzee?"

"Huyu hapa."

"Baraka?"

Nikauliza Baraka ni nani. Akanifafanulia, kwa utulivu wa mtu mwenye stakabadhi, kwamba alipokuja kuiona nyumba dalali alimwambia ina maji, umeme na mlinzi. Yeye alikuwa na wasiwasi kuhusu mlinzi, maana hakuona kibanda wala filimbi, lakini usiku wa kwanza mlinzi alikuja mwenyewe kwa miguu, akalala mlangoni, akamfukuza kibaka, na asubuhi hakudai mshahara. Ndiyo maana wakamwita Baraka. "Nimelipa mwaka mzima, mzee wangu," akasema, "na mbwa yumo."

Nilimpigia simu mwenye nyumba. Alijibu kwamba mpangaji akishahama, chochote kilichobaki uani ni cha nyumba. Nikamwambia mbwa hakubaki, alirudi. Akasema kurudi ni dalili ya kuridhika. Hapo, nakiri, heshima yangu ilinitoka kidogo. Kitasa cha geti lile nilikinunua mimi. Balbu tatu za nje ni zangu. Mpapai ule unaozaa kama hauna akili niliupanda mimi na kuumwagilia kwa maji ya ndoo katika kiangazi cha Tabora ambacho hata ng'ombe hukilalamikia, na sasa papai analila kijana huyu, na kiti changu cha kamba kimebaki barazani kwake, na mbwa naye nimwachie? Kwa nini nisimwachie na watoto kabisa, ili nyumba iwe kamili?

Nilipotulia, nilikumbuka kwamba mtu aliyestaarabika hutumia maandishi. Nikatoa mfukoni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ya tarehe 28 Septemba, ile siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambapo nilipanga foleni juani tangu asubuhi pamoja na mbwa waliokuwa wakichukiana. Kijana aliipokea, akasuuza mdomo, akaisoma kwa sauti.

"Jina, Jasiri. Jinsia, dume. Rangi, nyeupe." Akamtazama mbwa. "Mzee, huyu ni wa kahawia."

Ni kweli kwamba mbwa alikuwa wa kahawia. Alikuwa wa kahawia kwa sababu alikuwa ametembea kutoka Ipuli usiku kucha katika vumbi letu, na vumbi letu halimwachi mtu na rangi yake. Nikaomba ndoo ya maji. Basi mimi, mtumishi wa miaka 26 kazini, nilichuchumaa katika uwanja niliohamishwa nikaanza kumwogesha mbwa ili nithibitishe kadi yake, huku watu waendao sokoni wakisimama kuangalia. Mguu wa kwanza ulipoanza kuwa mweupe, nikainua kichwa kwa ushindi. Jasiri akajikung'uta. Suruali yangu ya kazini ikawa ya kahawia.

Kijana akapendekeza, kwa haki ya Mungu, kwamba tumwite kwa pamoja na tuone atamfuata nani. Nilikubali kwa sababu nilijiamini. Nilisimama upande wa geti, yeye akasimama barazani, tukaita kwa sauti moja, mimi Jasiri, yeye Baraka. Mbwa alinitazama mimi, akamtazama yeye, kisha akatupita wote wawili na kumwendea mke wa kijana, aliyekuwa ametoka jikoni akiwa na sufuria la ukoko na hajui hata shauri lilikuwa linahusu nini.

Ni yeye aliyeniokoa. Alisema, "Mpe baba mbwa wake, amelowa." Nikafunga kamba, tukaondoka. Hakuna bodaboda aliyekubali kutubeba, kwa hiyo tulitembea, mmoja nusu mweupe na mwingine nusu wa kahawia, chini ya miembe, na wazee waliokuwa kivulini wakatusalimu "Mwangaluka" kisha wakaniuliza namuuza bei gani. Katikati ya safari treni ilipiga honi. Treni imekuwa ikipiga honi katika mji huu tangu 1912, lakini Jasiri amezaliwa kando ya reli na huamini kwamba inamwita yeye. Alikaa chini katikati ya barabara, akainua pua, akalia wimbo mzima hadi behewa la mwisho, huku bajaji tatu zikitusubiri. Kuhusu saa niliyofika kazini, nimekwisha kuandika maelezo, na katika maelezo hayo nimetumia maneno "dharura ya kifamilia".

Jioni nilimfunga vizuri chini ya mwembe wetu mpya. Nilimpa gunia ambalo nimelilalia mimi mwenyewe mchana wa Jumapili mbili ili lipate harufu. Nikamsomea habari. Alikula, akajizungusha mara tatu, akalala, nami nikajiambia kwamba huenda zile wiki tatu zimeanza kuhesabika.

Saa tano usiku simu ikaita. Alikuwa ni yule kijana.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usiku. Umemfunga?"

"Marahaba. Nimemfunga."

Akanyamaza kidogo. "Huku hakuna anayebweka. Mke wangu hajapata usingizi." Kisha akatoa hoja yake, ambayo ni dhahiri alikuwa ameifikiria tangu asubuhi: mbwa akae kwake Jumatatu hadi Ijumaa, aje kwangu Jumamosi na Jumapili, na kila wiki yeye alete nusu kisado cha dagaa.

Nilimjibu kwa ukali kwamba mbwa si mita ya umeme hata wapangaji wachangie, na kwamba mimi ni mtu mzima siwezi kuuza uaminifu wa mnyama niliyemlea kwa mikono yangu. Mama Neema, niliyedhani amelala fofofo, akageuka kitandani.

"Muulize," akasema, "dagaa wa Kigoma au wa Mwanza?"