Msiniwekee msimulizi

Nilikuwa na miaka 9 mama aliponituma chumvi. Tulikaa Mikindani, na duka halikuwa mbali, ungeweza kuliona ukisimama mlangoni kwetu. Nilitoka na sarafu mkononi, nikirudia moyoni: chumvi, chumvi, chumvi. Kwenye ukuta wa gofu moja la mawe nikaona sisimizi wamebeba bawa la nzi. Nikawafuata. Ukuta ulikuwa na ufa, ndani ya ufa kumeota mti, na mizizi ya ule mti ilikuwa imeyakumbatia mawe kama vidole. Niliporudi ilikuwa magharibi. Sarafu ilikuwa bado mkononi, imeniachia alama kiganjani. Mboga ilishaliwa bila chumvi.

"We mtoto, ulikuwa wapi?"

Sikuficha. Jibu sikuwa nalo.

Safari hiyo ndiyo filamu ninayoitengeneza tangu mwaka jana. Ni animesheni ya dakika nne, ya mchanga, haina hata neno moja. Nimewaonyesha wadau wawili watatu sehemu niliyomaliza, na ushauri wao umekuwa mmoja: weka msimulizi. Aeleze ADHD, hii hali ya umakini usiotii niliyo nayo, ni nini, daktari atokee, mwishoni tupewe ujumbe kwa wazazi. Nimekataa, na ninaomba nieleze kwa nini.

Nianze na jina. Mwaka 1980 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliiandika hali hii kwenye mwongozo wao kwa jina la upungufu wa umakini. Mwaka 1987 wakaongeza utukutu kwenye jina, ndipo tukapata hizo herufi nne. Neno "upungufu" likabaki palepale, nami naliona limekosea. Usiku mmoja wa Agosti nilikaa mezani baada ya isha nikapiga michoro 214 bila kunyanyuka, mpaka nikashtuliwa na adhana ya alfajiri. Mtu aliyepungukiwa umakini angewezaje hilo? Baada ya hapo zikapita siku tisa sikuweza hata kuisogelea meza, na si kwa uvivu. Nilikuwa naitaka kazi, naitazama, mwili haukubali. Umakini ninao mwingi, ila haunisikilizi nikiuita. Msimulizi atalisemaje hilo kwa sentensi mbili na mtazamaji akalihisi?

Mchanga unalisema. Nimetoa ubao wa katikati ya meza nikaweka kioo cha dirisha, chini yake taa, na katikati yake karatasi nyeupe ili mwanga usambae. Simu nimeifunga juu, inatazama chini, ina programu inayopiga picha moja moja na kuziunganisha. Mchanga nimeuchota ufukwe wa Shangani, Mtwara. Niliuosha maji matatu kutoa chumvi, nikauanika, nikauchekecha kwa chekeche la unga. Ufukweni ni mweupe, lakini ukimulikwa kwa chini hugeuka: ulipolala mzito ni giza, ulipotawanyika ni kahawia, na ukipitisha kidole mwanga unatoka kama mstari wa kalamu.

Sekunde moja ya sinema ni picha 24. Tunaofanya kwa mkono huwa tunaupiga kila mchoro mara mbili, kwa hiyo michoro 12 inatosha. Dakika nne ni michoro 2,880. Anayechora kwenye karatasi anabaki na mrundo wa karatasi zake, akikosea anarudi kuitafuta ile ya nyuma. Kwenye mchanga hakuna cha nyuma. Ukitaka mguu wa mtoto usogee, unaufuta uliopo kwa ncha ya kidole, unauchora mwingine mbele yake kidogo. Ule wa kwanza umekwenda. Ndivyo mawazo yanavyoniondokea tangu utotoni: linalokuja linakanyaga mahali pa lililokuwepo, na nikigeuka nakuta kioo kitupu. Sijapata chombo kingine kinachoifahamu akili yangu namna hii. Feni siwashi, hata joto liwe la namna gani, maana pumzi moja tu inatosha kufuta uso wa mtu. Kusi ikipenya dirishani, kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Jambo jingine ni kasi. Wanaojaribu kuionyesha ADHD kwenye filamu hupenda kukatakata picha mbiombio, mwanga unapigapiga, sauti kumi kwa pamoja. Kwanza ni hatari. Desemba 1997 huko Japani, katuni ya televisheni yenye mwanga mwekundu na wa bluu uliopishana kwa kasi iliwafikisha hospitali watoto zaidi ya 600, wengine kwa degedege. Pili, si kweli, walau kwangu. Pale ukutani hapakuwa na kasi yoyote. Palikuwa na utulivu ambao sijaupata hata msikitini. Kilichopotea ni muda. Kwa hiyo kwenye filamu sisimizi wana sekunde 50 nzima, na njia ya kurudi nyumbani, jua likizama, ina sekunde tatu. Mtazamaji anayelalamika kwamba mwisho umemjia ghafla amenielewa kuliko ninavyoweza kumweleza.

Nimeambiwa pia kwamba filamu za majaribio kama hii ni mambo ya Ulaya, watu wa Mtwara hawatazielewa. Hilo limeniuma kuliko yote. Wachongaji wa Kimakonde wana vinyago vya mtindo wa shetani tangu miaka ya 1950: mguu wa huyu ndio sikio la yule, tumbo linafunguka likawa mdomo, ukizunguka upande wa pili unakuta ni kiumbe kingine kabisa. Mpingo ule umetulia lakini macho yako hayatulii. Sijawahi kuona mtu amesimama kando ya kinyago akikusomea maana yake, na watu wetu wamevitazama miaka yote hiyo. Neno "shetani" lenyewe nalijua vizuri. Mwalimu wangu mmoja alimwita mama akamwambia mtoto huyu ana mashetani, mpelekeni akatolewe.

Wadau wana hoja, sikatai. Dalili huanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, na kwa kiasi kikubwa hali hii hurithiwa, kwa hiyo mzazi anayemchapa mwanawe kwa mapepe huenda na yeye alichapwa kwa hayohayo. Wasichana hupitwa zaidi, hasa sisi tuliokaa kimya dirishani bila kumsumbua yeyote. Mimi nimeipata kauli ya daktari nikiwa na miaka 31, Dar es Salaam, na nililia mpaka kituo cha basi. Haya yasemwe. Yasemwe redioni, kwenye vikao vya wazazi, kliniki, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mkinihitaji nije kuyasema nitakuja. Ila filamu hii ina kazi nyingine. Mtoto aliyetumwa chumvi ameelezwa na watu wazima maisha yake yote. Nataka dakika nne ambazo hakuna anayemweleza.

Sauti nimeweka moja tu, ya mama akibangua korosho uani. Tak. Kimya. Tak, na ganda linaangukia kwenye beseni. Sisimizi wangu wanatembea kwa mdundo huo.

Wiki iliyopita nilimpa simu atazame, michoro 2,240 iliyokamilika. Aliishika kwa mikono miwili, vidole bado vina weusi wa mafuta ya maganda. Alipoisikia sauti yake mwenyewe aliinua macho, akayarudisha. Ikaisha, akaanzisha tena bila kuniuliza. Mara ya pili ilipoisha alikaa.

"Ule mti wa kwenye ufa," akasema, "bado upo?"

Tulikwenda jioni ileile. Mti umekatwa, lakini mizizi imebaki ndani ya ukuta, na mama akawa anaifuata kwa kidole, polepole, mpaka inapozama chini.