Nilikuwa na Bukta, Tafadhali

Kwanza tuelewane: bukta ilikuwepo. Huyo rafiki yangu aliyetangaza kwenye grupu kwamba nimekutwa uchi juu ya mkorosho hakuwepo, na aliyemhadithia pia hakuwepo. Nisikizeni mwenyewe. Naandika nimesimama, maana kukaa bado.

Chanzo ni zile video za Wamarekani. Wenzetu, miezi kadhaa kabla msimu wa kuwinda kulungu wao haujafunguliwa, humwaga chumvi ya madini pahali pamoja ili madume wazoee kuja. Wanafyeka kijia cha kupitisha risasi, wanafua nguo kwa sabuni isiyo na harufu, kisha wanapanda mtini upepo ukiwapiga usoni. Mimi bunduki sina, na kuwinda kwetu Kenya kulipigwa marufuku tangu 1977, ila simu ninayo. Nikasema nitampiga picha paa, hapo shambani kwa ami, Gede, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Nikachimba kishimo, nikamwaga kilo 10 za chumvi ya mawe ya Gongoni. Ami akaniuliza kama nazika samaki.

Wiki ya pili, nyayo! Kwato mbili mbili, ndogondogo. Nikawapostia. Nyinyi mlioandika mashallah, mngoje kidogo.

Siku tatu sikugusa sabuni, na udi nikaukataza kwenye nguo zangu. Mke wangu akanihamishia barazani.

Jana alfajiri nikapanda. Kusi yanipuliza usoni, sawasawa na video. Tawi moja lilinizibia, lina majani yameshikana kama mfuko. Nikalivuta nikalifunga kwa kamba pembeni ya paja langu. (Watu wa mashamba, najua mshaanza kucheka.)

Kichaka kikatikisika. Nikawasha kamera. Kitu kikanitembea kwenye kifundo cha mguu. Sikujitikisa, mwindaji hajitikisi. Kikapanda gotini, kikafuatwa na mwenzake. Kichakani nikaona sikio. Sikio la kijivu, wallahi, limesimama! Nikabana pumzi. Hapo wa kwanza akaniuma, pale ambapo siwezi kupataja na mashangazi wamo humu.

Maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini. Ule mfuko wa majani ulikuwa nyumba yao, na mimi ndiye niliyewafungia mlango kwenye suruali yangu.

Suruali ikatoka, sijui vipi, mkono mmoja umeshika tawi. Kichaka kikafunguka. "Meee." Mbuzi wa bibi jirani, kumi na kitu, wakaenda moja kwa moja kwenye chumvi kama watu waliozoea mkahawa wao. Na nyuma yao bibi mwenyewe, na kigongo chake.

Akainua uso polepole.

"Mwanangu, wafanya nini huko?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Suruali yako i wapi?"

Ilikuwa kwenye pembe ya beberu. Nikajaribu kuielekeza kwa kidole, na mkono wenyewe ndio uliokuwa umeshika tawi.

Nikaangukia wapi? Kwenye chumvi. Niliyetafunwa kuanzia kifundo hadi kiunoni, nikakaa kwenye chumvi ya mawe kilo 10. Ule ukelele mliousikia huko Watamu mkadhani ni king'ora, ni mimi.

Yaliyobaki: bodaboda, leso ya bibi kiunoni, zahanati, sindano, muuguzi kugeukia ukutani mabega yakimtetemeka. Picha niliyopata ni moja, sikio la mbuzi.

Asubuhi hii bibi kamtuma mjukuu wake kunijulia hali. Na ati niambiwe, chumvi yaelekea kwisha.