Wa mwisho naye apumzike

Kwenye safari ndefu za baiskeli za kundi, aliyechoka kuliko wote ndiye anayepumzika kidogo kuliko wote. Niliona hivyo tulipotoka Iringa kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, hasa siku ya Mbeya hadi Tukuyu.

Kwa umbali, siku hiyo haitishi: kilomita 70 hivi, lami tupu. Lakini ukikata kona pale Uyole na kuiacha barabara ya Dar es Salaam, kazi inaanza. Unapanda, unapanda, mpaka Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Miguu yenyewe ilishachakazwa na milima ya Mafinga na jua la Igawa. Umeweka gia nyepesi kabisa, malori ya Malawi yananguruma ubavuni, jasho linatiririka huku baridi inauma masikio.

Wenye nguvu walifika Isyonje mapema. Walivaa makoti, wakanywa chai, wakala viazi. Nilipofika mimi wakanipongeza kwa moyo mweupe: "Hongera, kaka!" Kisha wakapanda baiskeli zao. Walishaanza kuganda, nawaelewa. Lakini wao walikuwa wamepumzika vya kutosha, mimi nikapata muda wa kumeza maji tu.

Na kinachofuata ni mteremko wa kuelekea Kiwira. Wengi huuhesabu mteremko kuwa mapumziko. Kwa mtu aliyechoka si kweli hata kidogo! Vidole vimekufa ganzi, havikamati breki sawasawa. Jasho likipigwa na upepo unatetemeka mpaka usukani unayumba. Ongeza ukungu wa Rungwe na lami iliyolowa (Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka), halafu lori linalopanda liamue kulipita jingine kwenye kona.

Ndiyo maana nawaomba viongozi wa misafara: mapumziko yaanze kuhesabiwa pale wa mwisho anaposhuka kwenye baiskeli. Dakika 20 zinatosha kuvua fulana mbichi, kuvaa kavu, kula ndizi mbili na kunywa chai ya moto. Wanaoona baridi watangulie wawili wawili mpaka Kiwira. Mmoja mwenye nguvu abaki na huyo wa mwisho, tena ateremke akiwa nyuma yake, ili mwendo aupange yule aliyechoka.