Kutolewa Gerezani Siyo Haki Kutendeka

Kila ninapozungumzia kazi ya wakili Mmarekani Bryan Stevenson, aliyemtoa gerezani Walter McMillian, Mweusi aliyehukumiwa kifo kwa mauaji asiyoyafanya, hakosi mtu wa kuniambia, "Si unaona, mwishowe haki ilipatikana." Kauli hiyo inaniuma. Anayeisema huanza kuhesabu siku ile mlango wa gereza ulipofunguliwa.

Mimi naanzia kwenye samaki. Novemba 1986, saa ile binti mmoja Mzungu anauawa dukani mjini Monroeville, jimbo la Alabama, McMillian alikuwa nyumbani kwake na ndugu na majirani, wanakaanga samaki na kuwauza ili kulichangia kanisa. Watu chungu nzima walimwona, karibu wote weusi kama yeye. Upande wa mashtaka ukamtegemea Mzungu mmoja mwenye kesi zake mwenyewe. Akaaminiwa huyo mmoja.

Agosti 1988 kesi ilisikilizwa siku moja na nusu, basi. Ilikuwa imehamishiwa wilaya ya Baldwin, kwenye Wazungu wengi zaidi, na kati ya raia 12 walioketi kuiamua, Mweusi alikuwa mmoja. Hata hao walipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akawapuuza, akatoa hukumu ya kifo. Sheria ya Alabama ilimruhusu, na haikubadilishwa mpaka 2017. Tena McMillian alikuwa ameshafungiwa zaidi ya mwaka pamoja na waliohukumiwa kifo kabla kesi yake haijaanza. Mtu hajahukumiwa!

Wengi humsifu Stevenson kwa ufasaha. Mimi namsifu kwa kwenda kuketi na familia ile, kuwasikiliza wale wale ambao mahakama iliwaona si kitu, na kwa kurudia kila karatasi na kila kanda. Kulikuwa na kaseti ya maelezo ya yule shahidi. Mawakili walipoigeuza upande wa pili, wakamsikia akilalamika kwamba analazimishwa kumtaja mtu asiyemjua. Kaseti hiyo ilikuwa mikononi mwa dola tangu mwanzo. Hapo hakuna bahati mbaya. Mtu alibambikiwa kesi, na rangi yake ndiyo iliyorahisisha kazi.

Aliachiwa Machi 1993. Anthony Ray Hinton, mteja mwingine wa Stevenson, alisubiri hadi Aprili 2015, karibu miaka 30 ndani, kwa sababu ya risasi zilizodaiwa kutoka kwenye bastola ya mama yake, ambazo baadaye wataalamu hawakuweza kuzihusisha nayo. Mama huyo alifariki kabla mwanawe hajatoka.

Kwa hiyo siwezi kuliita hili ushahidi kwamba mahakama za Alabama hujisahihisha. Zilisahihishwa na wakili mkaidi na ofisi yake ya Montgomery, dola ikipinga hatua kwa hatua. Ambao hawakumpata Stevenson, nani anawahesabu?

McMillian alifariki 2013. Miaka yake ya mwisho kumbukumbu zilimpotea, na akiwa kitandani alidhani amerudishwa kwenye chumba cha wanaosubiri kuuawa.